Usiku wa Namba Nane

Wazee wangu, shikamooni. Makocha wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kukaa kwenye ngazi hizi za zege, na ninyi vijana mliokaa chini kwa kuwa viti havikutosha, habari za jioni. Mwenyekiti ameniomba niseme machache kabla ya majaribio ya kesho, na la kusema ameniachia nichague mwenyewe. Nimechagua majuto. Nataka kuzungumzia majuto ya mashabiki wa mpira wa kikapu kwa mchezaji aliyepita mbele ya macho yao na timu yao isimchukue. Nitaanzia Marekani, kwa sababu Mtanzania mwenzetu yumo katikati ya habari hii, na jina lake limebebeshwa mzigo ambao mimi siamini kuwa ni wake.

Turudi Alhamisi ya tarehe 25 Juni 2009. Huku kwetu ilikuwa imeshaingia Ijumaa, usiku wa manane. Wenye umri kama wangu mtaukumbuka usiku ule kwa jambo jingine, maana ndio usiku habari za kifo cha Michael Jackson zilipotufikia. Mimi nilikuwa macho tangu mapema kwa sababu nyingine kabisa. Nilikuwa nasubiri lisomwe jina la Hasheem Thabeet.

Kwa wazazi ambao hamfuatilii ligi ya NBA, nieleze kidogo. Kila mwaka timu 30 huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu. Wenyewe huuita utaratibu huo drafti, na msiuchanganye na drafti la kete linalochezwa vijiweni. Duru ni mbili, na nafasi zote ni 60. Timu zilizofanya vibaya ndizo hutangulia kuchagua, na nafasi za juu kabisa hupangwa kwa bahati nasibu. Ukishaliruka jina, limekwenda. Anayekufuata akilichukua, utalipata kwa kununua au kubadilishana, na bei haitakuwa ile ya jana.

Mwaka ule shughuli ilifanyika New York, katika ukumbi uliomo ndani ya jengo la Madison Square Garden, nyumbani kwa timu ya Knicks. Knicks walikuwa na nafasi ya nane. Mashabiki wao walikuwemo ukumbini kwa wingi, na mtu wao walikuwa wameshamchagua mioyoni: Stephen Curry, kijana wa miaka 21 kutoka chuo kidogo cha Davidson, North Carolina. Curry mwenyewe amekwisha kusema kwamba alitamani kwenda New York. Kocha wa Knicks wakati ule, Mike D'Antoni, alikuwa anafundisha mchezo wa mbio na mitupo ya mbali, mchezo ambao ungemkaa Curry kama nguo ya kushonewa. Kilichokuwa kimebaki ni namba saba tu. Namba saba ilikuwa ya Golden State Warriors wa California, na Golden State wakamchukua.

Ukumbi ukaugua. Ikaja zamu ya Knicks, likasomwa jina la Jordan Hill kutoka Chuo Kikuu cha Arizona, na ukumbi ukazomea. Huwa narudia kuutazama mkanda ule kuliko mkanda wa mechi yoyote ya Curry. Kijana anainuka kwenye usiku ambao ameungoja maisha yake yote, anapanda jukwaani kupokea kofia ya timu yake mpya, na watu wa timu hiyo hiyo ndio wanaomzomea. Hakuwa amemkosea mtu. Aliitwa, akaitika. Hata msimu mmoja hakuumaliza pale: Februari 2010 alihamishiwa Houston.

Sasa, makocha wenzangu, hebu tujiulize ni nini kilichomfikisha Curry kwenye namba saba.

Baba yake, Dell Curry, alicheza NBA misimu 16, na alisifika kwa kutupa kutoka mbali. Mtoto amekulia pembeni ya viwanja vya ligi ile. Lakini alipomaliza sekondari kule Charlotte, hakuna chuo kikubwa kilichompa nafasi ya kusoma na kucheza kwa ufadhili. Hata Virginia Tech, chuo ambacho baba yake aliwahi kuwa nyota wake, hawakuwa na ufadhili wa kumpa. Walikuwa tayari ajiunge bila huo. Sababu ilikuwa mwili. Alikuwa mfupi, mwembamba, mabega ya mtoto. Kocha Bob McKillop wa Davidson ndiye aliyemchukua, na Machi 2008 Marekani nzima ikamwona kwenye mashindano ya vyuo: pointi 40 dhidi ya Gonzaga, 30 dhidi ya Georgetown, 33 dhidi ya Wisconsin. Walikuja kutolewa na Kansas kwa pointi mbili, 59 kwa 57, na Kansas ndio walioondoka na ubingwa. Msimu uliofuata Curry akaongoza vyuo vyote vya daraja la juu kwa ufungaji, wastani wa pointi 28.6 kwa mechi.

Kwa hiyo hakufichika. Takwimu zilikuwa mezani, picha zilikuwa kwenye televisheni. Bado wakauliza: atamkaba nani huyu? Ni mchezeshaji, yaani anayeongoza mashambulizi na kuwagawia wenzake mpira, au ni mtupaji tu? Chuo chake kidogo, wapinzani wake wepesi, je, akikutana na wanaume? Maswali hayo hayakuwa ya kijinga, na mimi mwenyewe nimewahi kuyauliza kuhusu watoto wa hapa. Shida yake ni kwamba yote yaliulizwa juu ya mwili. Kuhusu mkono hakuna aliyekuwa na swali, na kazi yenyewe ni ya mkono.

Watu hupenda kusema timu sita zilimruka Curry. Kwa hesabu ni timu tano. Clippers walimchukua Blake Griffin, namba moja, na kwa hilo hakuna aliyebisha. Memphis wakamchukua Thabeet. Oklahoma City wakamchukua James Harden. Sacramento wakamchukua Tyreke Evans, ambaye msimu wake wa kwanza alitangazwa mchezaji bora chipukizi. Namba tano na namba sita zote zilikuwa za Minnesota.

Minnesota nataka nikae nao kidogo, kwa sababu majuto yao ndiyo mazito kuliko yote, na wana haki nayo. Meneja wao, David Kahn, alikuwa na mwezi mmoja hivi kazini. Namba tano waliipata kutoka Washington kwa kuwatoa wachezaji wawili wazoefu. Yaani walilipia. Kisha wakachagua wachezeshaji wawili mfululizo: Ricky Rubio, kijana wa miaka 18 kutoka Hispania, na Jonny Flynn kutoka Syracuse. Mchezeshaji wa tatu, Curry, akaenda na waliokuwa nyuma yao. Rubio alibaki Hispania miaka miwili, akafika Minnesota mwaka 2011. Kama una zamu mbili mfululizo na unatafuta mtu wa nafasi ile ile, ukawachukua wawili, na wa tatu ndiye akawa bora kuliko wote, shabiki wako ana sababu ya kukosa usingizi.

Lakini Flynn naye si wa kubezwa. Tarehe 12 Machi 2009, Syracuse na Connecticut walikutana Madison Square Garden, na mchezo ukaenda nyongeza sita. Dakika tano, sare; dakika tano nyingine, sare tena; mpaka sita. Syracuse wakashinda 127 kwa 117. Flynn alicheza dakika 67 usiku ule. Niambieni ninyi makocha, ukimwona kijana wa miaka 20 anakimbia dakika 67 na bado anaongoza wenzake, utamwacha? Nyonga yake ndiyo iliyomwangusha. Alipasuliwa mwaka 2010, na miaka miwili baadaye hakuwa tena NBA.

Upande wa pili wa uwanja, usiku ule wa nyongeza sita, alikuwepo Thabeet.

Vijana, wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mgongoni. Acheni niwaambie Thabeet alikuwa nani. Mzaliwa wa Dar es Salaam, urefu futi 7 na inchi 3, ameanza kucheza kikapu akiwa na miaka 15. Miaka kumi na mitano! Watoto wa kule hukabidhiwa mpira kabla hawajajua kusoma. Miaka saba baadaye yeye akawa wa pili kuchaguliwa katika drafti nzima, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Katikati hapo alipita Houston kumalizia sekondari, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, akawa mlinzi bora wa Big East, kundi la vyuo ambamo chuo chake kilikuwa kinashindana, miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, na msimu wake wa mwisho chuo chake kilifika nusu fainali ya taifa. Wapinzani walikuwa wakiingia chini ya kikapu chake wanaghairi njiani. Hayo si mapenzi ya nyumbani, ni rekodi.

Jina lake liliposomwa, nilipiga kelele peke yangu chumbani hadi jirani akagonga ukuta. Kwa wiki nzima hapa mjini hata watu wasioujua mchezo walikuwa wanatamka Memphis.

Kilichofuata mnakijua. Memphis tayari walikuwa na senta, yaani mchezaji mrefu wa chini ya kikapu, Marc Gasol. Na huyo Gasol, nisipite bila kusema, alichaguliwa namba 48 mwaka 2007, akaletwa Memphis katika biashara iliyompeleka kaka yake Pau kwa Lakers wa Los Angeles, na watu waliicheka biashara ile. Mwaka 2013 Marc akawa mlinzi bora wa ligi nzima. Sasa Thabeet, aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15, alihitaji kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni dakika uwanjani akikosea na kusahihishwa. Dakika zilikuwa za Gasol. Februari 2010, hata msimu wake wa kwanza haujaisha, alipelekwa kuchezea timu ya ligi ya chini, Dakota Wizards. Hakuna aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyekuwa amewahi kupelekwa huko. Mwaka 2011 akahamishiwa Houston, halafu Portland, halafu Oklahoma City, na 2014 safari ya NBA ikaisha.

Tangu hapo, kila ifikapo Juni, orodha za makosa ya drafti zinatolewa, na jina la Thabeet limo. Linatajwa kana kwamba yeye ndiye aliyekaa mezani akajichagua. Shabiki wa Memphis akiona Harden anafunga, anamtaja Thabeet. Akiona Curry anafunga, anamtaja Thabeet. Nimesikia hata vijana wetu hapa wakimtaja hivyo hivyo, na hilo linaniuma. Kama ni hesabu tuifanye vizuri: Memphis walikuwa na Mike Conley kwenye nafasi ya mchezeshaji, kijana mzuri waliyekuwa wanamlea, kwa hiyo Curry hakuwa kwenye njia yao hasa. Wanachoweza kukijutia kwa haki ni Harden, aliyekuwa anafuata palepale, na aliyekuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018. Hata hivyo majuto hayo yaelekezwe kwa waliokuwa na kalamu.

Kuna jambo nililoligundua siku moja nikipitia vikosi vya zamani, na tangu nilipolijua halijaniacha. Msimu wa 2011 hadi 2012, timu ya Houston ilikuwa na Hasheem Thabeet, namba mbili. Ilikuwa na Jonny Flynn, namba sita. Ilikuwa na Jordan Hill, namba nane. Watatu hao, ambao majina yao ndiyo mashabiki wa Memphis, Minnesota na New York walikuwa wanayatumia kutaja walichokikosa, walikaa kwenye benchi moja. Sijui walikuwa wanaongea nini kwenye basi la timu. Tarehe 15 Machi 2012 wote watatu wakaondolewa siku moja: Thabeet na Flynn kwenda Portland, Hill kwenda Los Angeles. Hill aliendelea kucheza miaka kadhaa baadaye, na alicheza vizuri.

Msimu huo huo, benchi hiyo hiyo ilikuwa imempoteza mtu mwingine. Jeremy Lin, kijana aliyesoma Harvard na asiyechaguliwa na timu yoyote kwenye drafti ya 2010, alikuwa Houston kwa siku chache tu za Desemba 2011, wakamwacha usiku wa kuamkia Krismasi. New York wakamwokota. Februari akawalipua wote: pointi 25 dhidi ya Nets, siku sita baadaye 38 dhidi ya Lakers ya Kobe Bryant, ndani ya Madison Square Garden ile ile. Meneja mkuu wa Houston, Daryl Morey, alikiri hadharani kwamba walipaswa kumbakiza na kwamba hawakujua kama ana uwezo ule. Ninamheshimu kwa kauli hiyo. Sijawahi kusikia kocha wa hapa kwetu akisema hivyo kuhusu mtoto aliyemrudisha nyumbani, na mimi nikiwemo, mpaka leo.

Na Golden State, waliompata Curry, wasidhaniwe kuwa walikuwa na macho ya kuona kesho. Meneja wa Phoenix wakati ule, Steve Kerr, alikuwa kwenye mazungumzo nao ya kumtoa nyota wake Amar'e Stoudemire ili apate vitu kadhaa, nafasi hiyo ya saba ikiwemo. Curry alipowaangukia mikononi, mazungumzo yakafa. Miaka mitano baadaye Kerr huyo huyo akawa kocha wa Curry. Kisha kifundo cha mguu kikaanza. Curry alipasuliwa, akapona, akaumia, akapasuliwa tena. Msimu ule wa 2011 hadi 2012 alicheza mechi 26 tu. Machi 2012 Golden State wakamuuza Monta Ellis, mfungaji aliyependwa sana pale Oakland, na kwa kufanya hivyo wakampa Curry timu. Siku chache baadaye mmiliki wa timu, Joe Lacob, aliposimama uwanjani kwenye sherehe ya kumuenzi Chris Mullin, nyota wao wa zamani, mashabiki wake mwenyewe walimzomea mpaka akashindwa kuongea. Walikuwa wanajutia Ellis! Aliyeachiwa njia alikuwa amekaa pembeni kwa sababu ya kifundo. Oktoba ya mwaka huo huo wakampa Curry mkataba wa miaka minne wa dola milioni 44, na wengi wakasema ni hatari.

Kwa hiyo ninaposikia mtu anasema Curry angekuwa Curry popote, huwa nakataa. Alikuta watu waliomsubiri. Thabeet hakusubiriwa. Simaanishi kwamba wangesubiriwa wote wawili wangefika sawa. Mkono wa Curry ni wa pekee, na mimi sijaona mwingine. Bingwa mara nne, 2015, 2017, 2018 na 2022. Mchezaji bora wa ligi mara mbili, na ile ya 2016 alipigiwa kura na wote bila kupungua hata moja. Hayo hayaletwi na subira peke yake. Lakini hakuna anayejua Thabeet angekuwa nani kwenye timu isiyokuwa na Gasol. Nani alimpa nafasi ya kulijibu swali hilo?

Turudi New York, maana bado sijamalizana nao. Tarehe 27 Februari 2013 Curry alicheza Madison Square Garden dakika zote 48, akafunga pointi 54. Mitupo 13 ya pointi tatu, 11 ikaingia. Timu yake ilifungwa usiku ule, 109 kwa 105, lakini mashabiki wa Knicks walitoka uwanjani wakiwa wameshinda mechi na wameumia. Sauti ya uwanja ule kila alipoinua mkono ilikuwa imebadilika. Mashabiki wa timu pinzani walikuwa wanaugua kabla mpira haujafika kwenye nyavu, kwa sababu wanajua.

Halafu tarehe 14 Desemba 2021. Curry alihitaji mitupo miwili kumpita Ray Allen, aliyekuwa ameingiza mitupo 2,973 ya pointi tatu, rekodi ya ligi nzima. Kati ya viwanja vyote, akaivunja pale pale New York, robo ya kwanza. Mchezo ukasimamishwa. Ray Allen mwenyewe alikuwepo, akamkumbatia. Baba yake Dell alikuwepo. Na uwanja mzima wa Knicks ulisimama kumpigia makofi mtu aliyevaa jezi ya wageni. Baadhi yao naamini walikuwemo kwenye ukumbi wa mwaka 2009. Miaka kumi na miwili na nusu walikuwa wamemtazama akikua kwa wengine.

Nikikaa nikafikiri, watu wa New York hawakumruka Curry. Walikuwa namba nane. Walichokikosa ni kumfuata: kutoa kitu, kupanda ngazi moja, kuwapigia simu wenye namba tano au sita waliokuwa wanasitasita. Majuto yao ni ya mtu aliyefika kituoni akakuta basi ndiyo kwanza linaondoka. Ya Minnesota ni ya mtu aliyekuwa ndani ya basi, akashuka.

Na bado, ndugu zangu, naona wote hao wana neema ambayo sisi hatuna, na hili ndilo lililonifanya nisimame hapa. Wao walichokikosa wanakiona. Kipo kwenye televisheni, kina namba mgongoni, kina hesabu hadi mtupo wa mwisho. Shabiki wa Minnesota anaweza kukaa jioni akajua kwa usahihi ni pointi ngapi, ni vikombe vingapi. Curry aliporukwa na timu tano, kulikuwa na ya sita inamngoja. Lin alipoachwa na timu mbili ndani ya mwezi mmoja, kulikuwa na ya tatu. Mlango mmoja ukifungwa kule, kuna mingine 29.

Hapa kwetu mtoto akirudishwa kwenye uwanja mmoja, ndio mwisho.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa msaidizi kwenye timu moja ya vijana, siitaji. Majaribio yalipofika tuliwapanga watoto kwenye ukuta, na ukutani kulikuwa na mstari wa chaki. Aliyekuwa chini ya mstari alishukuriwa na kuambiwa arudi mwakani. Nilikuwa nashika kalamu mimi. Siku ya kwanza alikuja mtoto mmoja, kichwa chake kilikuwa chini ya mstari kwa upana wa vidole vinne. Nikamshukuru. Hakuondoka. Alikaa pembeni mpaka jioni, wenzake walipoondoka akaomba mpira, akaanza kutupa kutoka pembeni kabisa, pale kona ambapo ubao wa kikapu haukusaidii. Niliona mitupo kama saba hivi ikiingia mfululizo, huku nakusanya koni. Nikaona, nikaendelea kukusanya koni.

Siku ya pili akaja tena. Siku ya tatu akaja na viatu vilivyowekewa kitu ndani ili ainuke. Nilimwambia, "Mdogo wangu, ongezeka kwanza, halafu uje." Nilisema kwa upole, na nilidhani upole unatosha.

Mwakani hakuja. Nimewahi kumtafuta, si kwa bidii kama nilivyotakiwa. Nyumba waliyokuwa wamepanga walikuwa wamehama. Sina takwimu zake. Sijui kama aliwahi kuugusa mpira tena. Wakati mwingine nikipita kwenye kiwanja cha mtaa wowote na kumwona mtu mzima anatupa peke yake kona ile, huwa nasimama kwanza. Mara zote amekuwa mtu mwingine.

Kumbukeni pia kwamba ukuta ule ule wenye mstari ndio ambao mtu kama Thabeet angevuka akiwa amepiga magoti. Urefu ulimfungulia mlango akapelekwa haraka, watu wakaona futi saba, wakasahau kumuuliza ameucheza mchezo huu miaka mingapi. Mfupi tunamwacha kabla hajaonyesha, mrefu tunamsukuma kabla hajajifunza. Futi kamba ni ile ile.

Basi kuhusu kesho. Majaribio ya walio chini ya miaka 16 yanaanza saa moja asubuhi. Mwenyekiti na mimi tumekubaliana, na makocha wenzangu naomba mtuunge mkono, kwamba hakuna atakayeandikwa urefu mpaka jioni ya Jumapili ijayo, baada ya siku zote nane. Majina yataandikwa kwa jinsi watoto wanavyofika langoni. Kila mmoja atacheza, na kila mmoja atatupa kutoka kona zote mbili, huku makocha wawili wakiangalia, sio mmoja anayekusanya koni. Atakayeachwa ataambiwa na mtu aliyemwona akicheza, na atapewa jina la uwanja mwingine wa kwenda na siku ya kwenda. Tumeshaongea na viwanja vitatu, vimekubali kuwapokea.

Mlio nyuma mkigeuka mtauona ukuta wa stoo. Ulikuwa na alama za urefu tangu enzi za waliotutangulia. Juzi vijana wa timu ya wakubwa waliupaka rangi. Bado haujakauka vizuri, kwa hiyo wazazi msiuegemee.

Asanteni kwa kunisikiliza.